Chuma Kilipokuwa Ghali: Kuchoma Mbao kwa Moto kutoka Unyiha hadi Tunduma

Jembe la mhunzi wa Unyiha, nchi ya Wanyiha huko Mbozi, halikuwa na jicho la kupitishia mpini. Nyuma ya bapa lilikuwa na mkia, ncha ndefu ya chuma iliyochongoka, na kazi ya kutobolewa iliuangukia mti. Fundi alitafuta tawi lililotoka pamoja na kifundo chake, pale ambapo nyuzi za mti zimesokotana na hazikubali kupasuka. Alilichonga likabaki na kichwa kinene na mkono mwembamba. Kisha akauingiza mkia wa jembe, au pande jingine la chuma la unene uleule, kwenye makaa. Ulipoiva ukawa mwekundu, aliukandamiza kwenye kile kichwa. Mti ulilia, moshi ukapanda, chuma kikapoa. Kikarudishwa motoni. Masizi yaliyojaa ndani ya tundu yakakwanguliwa, chuma kikaletwa tena, na tena, mpaka ncha ikachungulia upande wa pili.

Utiaji mpini wa namna hii ulienea sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki na ya kati, kwa majembe, kwa mashoka na hata kwa visu. Ulikuwa na akili yake. Patasi hutoboa kwa kupigwa, na mti mgumu wa miombo ukipigwa karibu na ncha hupasuka. Moto haupigi. Tena tundu linalochomwa hufuata umbo la mkia wenyewe, pana mdomoni na jembamba mwishoni, hivyo kadiri jembe linavyopigwa ardhini ndivyo mkia unavyozidi kujikaza. Hakukuwa na haja ya kabari, msumari wala gundi.

Hapo ndipo naianzia historia ya kuchoma mbao kwa chuma cha moto katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe. Wanaoandika juu ya ufundi huu kwa kawaida huanzia kwenye mapambo: vibuyu vyenye mistari myeusi, miiko yenye nukta mkononi, vigoda vyenye pembetatu. Naamini kazi ilitangulia pambo. Mtu ambaye tayari ana chuma chekundu mkononi kwa ajili ya mpini, na pembeni yake kuna mwiko mweupe uliotoka kuchongwa, hahitaji kufundishwa kwamba chuma hicho kinaweza kuacha alama. Kifaa cha kuchorea kwa moto kilikuwa kifaa cha kazi kilichoazimwa kwa dakika chache.

Na kiliazimwa kwa sababu hapakuwa na kingine. Leo tunaposema msumari wa kuchomea mbao ni zana ya bei nafuu, tunasahau jinsi chuma chenyewe kilivyopatikana.

Kusini magharibi mwa Tanzania, kuanzia Ufipa hadi Unyiha, chuma kiliyeyushwa kwenye matanuri ya udongo yenye kimo cha kumzidi mtu, mengine yakikaribia mita 3. Wafipa huyaita malungu. Ajabu yake ni kwamba hayakuvukutwa. Chini yalizungushiwa matundu yenye mirija ya udongo, na joto lililopanda ndani ya mnara ndilo lililovuta hewa kutoka nje. Mawe ya chuma na makaa ya miti migumu yalipangwa kwa tabaka, na moto ukaachwa ufanye kazi mchana na usiku. Kilichotoka hakikuwa chuma safi. Lilikuwa bonge lenye takataka nyingi, ambalo lilipelekwa kwenye tanuri dogo, safari hii likivukutwa kwa mvukuto wa ngozi, ndipo likafika kwa mhunzi. Hatua tatu, kila moja na watu wake, dawa zake na miiko yake. Wayeyushaji walijitenga na wake zao kwa muda wa kazi, kwa kuwa tanuri lilihesabiwa kama mwanamke anayetarajia kujifungua.

Mwaka 1965, Beverley Brock na P. W. G. Brock walichapisha makala kuhusu ufundi huu wa Wanyiha katika jarida la akiolojia la Afrika Kusini. Miaka 30 baadaye Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Florida tasnifu yake juu ya historia ya ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa nchi. Tuna deni kwa watu hawa, maana walifika wakati ambapo matanuri yalikuwa yamekwisha kuzimika na baadhi tu ya kuta zilikuwa bado zimesimama porini.

Hesabu ya uchumi iko wazi kwa yeyote anayefikiria kiasi cha makaa, siku na mikono iliyotumika. Jembe halikuwa chombo tu. Lilikuwa mali iliyowekwa, lilitolewa mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi na kwa chumvi. Katika ulimwengu wa aina hiyo mti ndio uliokuwa wa bure, na pande la chuma la kuchezea halikuwepo. Anayetaka kupamba kigoda hakuwa na sindano maalumu ya kuchomea. Alitumia kile kile kilichotia mpini, au ncha ya kisu, au ya mkuki, kwa hadhari, maana chuma kinachochomwa mara kwa mara hupoteza makali yake na kulazimika kufuliwa upya.

Si kwamba chuma hakikuonekana. Kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, Mbozi, lilikuwepo bonge lake la takribani tani 16, lililoanguka kutoka angani. Mpimaji ardhi W. H. Nott alilitangaza kwa ulimwengu wa nje mwaka 1930, na baadaye udongo ukachimbwa kulizunguka mpaka likabaki limeketi juu ya nguzo. Asilimia 90 hivi ya kimondo hicho ni chuma, sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wataalamu waliotaka sampuli walilazimika kukata kipande kidogo kwa msumeno wa chuma kwa saa nyingi. Hakuna nyundo ya mhunzi iliyoweza kulimega bonge lile, wala tanuri la kulitosha. Wakati huohuo, katika nchi ileile, watu walikuwa wakichoma misitu kupata jembe moja.

Chuma cha bei rahisi kiliingia kwa barabara. Mwaka 1881 mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alijitolea kugharamia njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kwa ajili ya Kampuni ya Maziwa ya Afrika. Njia hiyo haikuwahi kukamilika kama ilivyokusudiwa, lakini ilipita kwenye uwanda ambao leo una Nakonde upande mmoja na Tunduma upande wa pili. Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi kwa mkataba wa Julai 1890, Waingereza walishikilia barabara ya Stevenson ibaki kwao, na mpaka ukachorwa kaskazini yake. Wanyamwanga, wenyeji wa uwanda huo, wakajikuta pande zote mbili. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilipita kuweka alama za mpaka, na mwaka uliofuata Wamoraviani wakafungua kituo cha Mbozi, ambako mmisionari Traugott Bachmann aliishi na Wanyiha hadi vita vya kwanza vya dunia.

Ni miaka hiyohiyo ambapo huko Ulaya na Marekani kuchoma mbao kulikuwa burudani ya sebuleni. Daktari Mfaransa, Claude Paquelin, alibuni katika miaka ya 1870 kifaa cha kuchomea vidonda: ncha tupu ya platini iliyobaki ya moto kwa kupuliziwa mvuke wa petroli kwa mpira wa mkononi. Wachoraji walikichukua. Kufikia mwisho wa karne, maduka ya miji mikubwa yaliuza masanduku yenye ncha ya platini, chupa, mpira na vibao vilivyokwisha kuchorwa mistari ya kufuatisha. Platini ni madini ghali kuliko chuma kwa mbali. Hivyo kwa njia mbili tofauti, mwenye nyumba wa New York na mhunzi wa Unyiha walikuwa katika hali moja: kila mmoja alichora kwa chombo cha thamani. Tofauti ni kwamba wa kwanza alikinunua kwa ajili ya pambo, na wa pili alikipora kidogo kutoka kwenye kilimo.

Majembe ya viwandani ya Ulaya yaliendelea kumiminika chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, na tanuri likakosa sababu ya kuwashwa. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 uyeyushaji ulinyauka. Mhunzi hakufa nao. Alibaki na mvukuto, nyundo na fuawe ya jiwe, akageukia kufua chuma kilichoyeyushwa na watu wengine: jembe lililolika, pete za mapipa, vyuma vya magari yaliyokufa. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika nchi hii, chuma kilipata kuwa takataka. Naona badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyosimuliwa, kwa sababu zana ya bei nafuu haiwezi kuwepo kabla ya kuwepo kwa chakavu.

Shule iliupa ufundi huu umma mpya. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na shamba likawa sehemu ya darasa. Mwanafunzi alifika shuleni na jembe lake, na majembe 40 yaliyolazwa pamoja ukutani yalifanana kama mayai. Dawa yake ilikuwa msumari. Uliwekwa kwenye jiko la mkaa au mafiga ya jikoni nyumbani, ukashikwa kwa koleo au kitambaa kilicholoweshwa, na jina likaandikwa kwenye mpini herufi moja moja. Herufi za mistari iliyonyooka zilitoka vizuri. S na O zilitoa jasho, maana msumari hupoa kabla ya kumaliza kona. Sijui kama kuna kazi ya sanaa ya mbao iliyofanywa na watoto wengi zaidi wa Tanzania kuliko hiyo, na haijawahi kuhesabiwa kuwa sanaa.

Kilichoibadili Tunduma kabisa kilitokea mbali nayo. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, ambayo shaba na mafuta yake yalipita kusini, ikalazimika kugeukia Dar es Salaam. Malori yalianza kubeba mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi kwenye barabara ya vumbi iliyopita Tunduma, barabara iliyokuwa inaua. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services na kuingiza malori ya Fiat. Bomba la mafuta la TAZAMA likafuata mwaka 1968, lami ikafuata, na ujenzi wa reli ya TAZARA ukaanza 1970. Agosti 1973 mataruma yalifika mpakani Tunduma. Julai 1976 reli nzima, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa.

Njia zote hizo ziliacha chuma nyuma yao. Springi zilizokatika, bolti, vipande vya nondo, nyaya, misumari ya makreti. Springi ya lori ni chuma cha pua kizuri kuliko chochote kilichowahi kutoka tanurini, na wahunzi wakaitumia kwa mapanga, visu na tezo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, maduka yalipokuwa matupu na hata msumari mpya ulikuwa wa kutafutwa, chakavu hicho ndicho kilichoshikilia karakana. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lilikuwa na wahunzi katika orodha ya watu wake.

Vyombo vya kuchomea vya fundi wa Tunduma wa sasa vinatoka kwenye rundo hilohilo, na inafaa kuvitazama kimoja kimoja, kwa sababu kila kimoja kina tabia yake.

Msumari wa inchi 6 ndio mama. Una unene wa kutunza joto, kwa hiyo unafaa kwa nukta nzito na mistari mipana. Kichwa chake hukatwa, upande huo huchomekwa kwenye gunzi la mahindi au kipande cha mti, na ncha hupondwa kwa nyundo iwe bapa kama patasi ndogo. Msumari mwembamba hauna maana: unaiva upesi na unapoa kabla haujafika kwenye mbao. Spoki ya baiskeli ni kwa mistari myembamba, nayo hutumika tano au sita kwa pamoja, moja mkononi na nyingine motoni, fundi akibadilisha bila kusimama. Mdomo wa bomba jembamba hutoa duara. Antena ya redio ya zamani, ile inayovutwa, hutoa maduara ya ukubwa tofauti kutoka chombo kimoja kilichokatwakatwa. Kichwa cha bolti hupiga muhuri wa pembe sita. Mgongo wa kijiko cha chuma, ukipitishwa taratibu, hutoa kivuli cha rangi ya kahawa ambacho ncha haiwezi kukitoa.

Siri haiko kwenye chuma. Chuma chekundu kina joto linalofika nyuzi 700 au zaidi, na mbao huanza kugeuka rangi baada tu ya 200, ikawa mkaa karibu na 300. Anayechora na chuma chekundu haandiki, anaunguza: kingo za mstari hutawanyika na moshi huacha madoa. Fundi hungoja wekundu uzimike, hugusisha ncha kwenye kipande cha kutupwa, hutazama rangi inayotoka, ndipo huhamia kwenye kazi. Anajua pia kwamba mstari mmoja mrefu huanza mweusi na kuishia wa kahawia, kwa hiyo huuanzia pale anapotaka giza. Kibao cha paini humsumbua, kwa kuwa mistari yake ya ukuaji inapishana ulaini na ugumu, chuma kinazama hapa na kuruka pale. Mninga una rangi nzuri, lakini wekundu wake huficha mchoro. Kibuyu kikavu hupokea moto sawasawa kuliko mbao yoyote, na hiyo huenda ndiyo sababu vibuyu vimebeba michoro mizuri kuliko vigoda.

Kuna msumari mmoja ambao haupaswi kuingia motoni: ule wa bati. Umepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomlaza mtu na homa na kutetemeka usiku wake. Anayeanza ufundi huu na misumari ya kuezekea, kwa kuwa ndiyo iliyopo nyumbani, analipa gharama ambayo haionekani dukani.

Umeme ulileta chombo kingine. Chuma cha kulehemu cha mafundi redio, kile chembamba cha wati 30 au 60, kinatunza joto lake bila kurudi kwenye mkaa, na ncha yake ya shaba inaweza kubadilishwa na waya mnene wa shaba kutoka nyaya chakavu, uliopondwa na kusuguliwa kwa tupa. Katika mji ambao shaba ya Zambia na Kongo hupita kila siku, jambo hilo lina haki yake. Wengine hutumia waya wa nikeli na kromi unaotolewa kwenye koili ya jiko la umeme lililoharibika. Aloi hiyo ilipewa hataza mwaka 1906 kwa Mmarekani Albert Marsh, na ndiyo iliyo ndani ya hita nyingi duniani. Kipande chake kifupi, kikilishwa umeme mdogo kutoka transfoma inayopunguza volti, hung'aa na kuchora kama kalamu. Kukiunganisha moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 230 ni kuua mtu. Kukiunganisha na betri ya lori bila kizuizi chochote ni kukaribisha cheche karibu na gesi inayolipuka. Nasisitiza haya kwa kuwa chombo cha kienyeji kinapendwa kwa unafuu wake, na unafuu huo si lazima uchukuliwe kutoka kwenye usalama.

Mti, kwa upande wake, umepanda bei. Mninga uliokuwa porini sasa una kibali, ushuru na nyundo ya afisa misitu inayogonga alama kwenye gogo. Fundi mdogo anayetaka vibao vya majina, mbao za kukatia mboga na visanduku vya zawadi hageukii tena msitu. Anageukia pareti za mizigo. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe Oktoba 2019, malori yanapita mpakani kwa utaratibu mpya, lakini mizigo bado inakalia mbao, na pareti iliyovunjika bado inabaki kando ya barabara.

Pareti ya mbao ya kimataifa kwa kawaida ina mchoro wake tayari. Kanuni ya afya ya mimea ya mwaka 2002, inayofahamika kama ISPM 15, inataka mbao za kufungia mizigo ziwe zimeuawa wadudu na ziwe na alama isiyofutika: suke la ngano, herufi za nchi zilikotoka, namba ya mtayarishaji na namna zilivyotibiwa. Mara nyingi alama hiyo imechomwa kwa chuma cha moto, kazi ileile. HT maana yake mbao ilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, na hiyo haina shida kuchomwa tena. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, sumu ya gesi, na mbao ya namna hiyo haipaswi kuletwa chini ya pua ya mtu aliyeinama juu ya msumari wa moto. Isiyo na alama yoyote, au iliyopakwa rangi, au yenye madoa ya mafuta na kemikali zilizomwagika safarini, nayo iachwe. Kwa hiyo fundi wa Tunduma, kabla ya kuwasha jiko, huigeuza pareti na kusoma kwanza kilichochomwa na mwenzake, pengine huko China, pengine Afrika Kusini. Akikuta HT, anang'oa misumari, anainyoosha kwa nyundo, anachagua ile minene na kuipeleka kwenye makaa.